Mstari wa Maji Lukwale

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa mafunzo ya ramani katutaka kila mmoja awe na daftari la kuandika tarehe, hali ya hewa na kazi aliyofanya uwandani. Nimenunua la kurasa mia mbili. Hali ya hewa ni jua kali na mawingu upande wa Kisarawe. Kazi ya uwandani bado haijaanza. Kwenye kurasa zitakazobaki nitaandika ninayoyaona, maana nimechoka mambo ya Lukwale kuandikwa na watu wasiokanyaga tope lake.

Nianze na ramani. Tangu Januari imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Imeletwa na kampuni ya upimaji iliyopewa kazi ya kurasimisha makazi yetu, ili kila mwenye nyumba apate leseni, na baadaye hati. Nyumba zote zimo, hata banda langu la kuku. Lakini kando ya mto pamepigwa mistari myekundu, na ndani ya wekundu huo mna nyumba thelathini na nane. Pameandikwa ENEO HATARISHI. Aliye ndani ya wekundu hapati leseni, na siku wakiamua kulisafisha bonde ataondoka mikono mitupu. Nyumba yetu ni ya thelathini na moja ukihesabu kutoka darajani.

Kwenye mkutano ule wa Januari niliuliza wamejuaje maji yanafika wapi. Afisa mipango wa kampuni, Bwana Kamugisha, akajibu kwamba ni data za setilaiti, kisha akafunga laptopu yake. Ndiyo sababu shirika moja lilipotangaza mafunzo ya kutengeneza ramani kwa wakazi wa mitaa ya Chanika, mie niliandikisha jina langu kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwanakombo binti Mfaume, miaka arobaini na sita, mkulima wa mchicha na bamia, kidato cha nne.

Maoni juu ya ramani yanapokelewa mpaka tarehe 30 Mei. Masika yataanza wiki yoyote kuanzia sasa. Wao walipima Agosti, mto ukiwa mkavu. Mie nitaupima ukiwa umejaa.

Alhamisi, 7 Machi

Tupo kumi na wawili kwenye ukumbi wa kata. Mwalimu wetu anaitwa Sekela, binti wa Kinyakyusa, umri sawa na Najma wangu aliyeolewa Kibamba. Kila asubuhi anatuamkia shikamoo mmoja mmoja, halafu anageuka mwalimu na hana masihara tena.

Leo tumejifunza matabaka. Barabara ni tabaka lake, nyumba lake, mto lake. Ukizima moja, mengine yanabaki. Nililizima lile jekundu la kampuni, nikaiangalia Lukwale bila wekundu. Nikabaki naiangalia mpaka Sekela akaja kuniambia wenzangu wako ukurasa wa pili.

Ijumaa, 8 Machi

Mausi ya kompyuta hainitii kabisa. Nimechora choo cha shule mara sita.

Jumamosi, 9 Machi

Suhaib amerudi. Mume wangu ni seremala Keko. Siku za kazi analala karakanani, Jumamosi anakuja nyumbani na vumbi la mbao masikioni. Nilimwonyesha nilivyojifunza. Alitazama kwa adabu, kisha akasema ramani ni kazi ya waliosomea, na kwamba ingekuwa afadhali nitafute mtu anayefahamiana na watu wa manispaa.

Nilimwambia sina mtu wa kufahamiana naye. Akasema basi tusubiri tuone. Nyumba hii ameijenga kwa miaka kumi na moja, chumba kwa chumba. Madirisha ni mninga mtupu, kayachonga mwenyewe. Simwelewi mtu anayeweza kusubiri aone nyumba kama hii ikichukuliwa.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani mosi. Mvua hakuna.

Jumatano, 13 Machi

Nilimuuliza Sekela wekundu wa kampuni ulitoka wapi hasa. Akalifungua faili lao, ambalo kumbe lipo wazi kwa kila mtu pale kata, akalikuza mpaka bonde likageuka miraba mikubwa kama vigae vya sakafuni. Kila mraba ni mita thelathini kwa thelathini, akasema, na kila mraba una namba moja tu ya mwinuko. Mraba mmoja umemeza nyumba yangu, nyumba ya jirani yangu Anastasia, choo cha msikiti na nusu ya bustani yangu, na vyote vimepewa kimo kimoja. Wakati kutoka bustanini kupanda mpaka msikitini unahema.

“Kwa hiyo wamekosea,” nikasema.

“Wamekadiria,” akasema Sekela. “Ukitaka kusema wamekosea, mama, lete kipimo.”

Sikulipenda jibu lile. Nimetembea nalo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli, saa saba mchana mpaka saa kumi. Nikavaa mabuti na swaumu yangu nikashuka bondeni. Niliwasha simu nikaufuata ukingo wa maji hatua kwa hatua, kutoka darajani mpaka kwenye minazi ya mwisho, simu ikichora njia yangu. Nyumbani nikaifungua kuangalia. Simu inasema nimepita katikati ya jiko la Anastasia na kukanyaga kitanda chake.

Anastasia na mie tumepakana miaka kumi na minane. Ni mtu wa Masasi, mjane, anauza vitumbua stendi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye baraza.

Jumanne, 19 Machi

Sekela hakucheka. Kasema simu inakosea hatua tano, na chini ya miti hata kumi, na hatua tano ni chumba cha mtu. Kanipa tepu ya mita hamsini. Nitatumia pembe za nyumba zinazoonekana vizuri kwenye picha ya droni, iliyopigwa kutoka angani, na kutoka pembe hiyo nipime mpaka maji yalipofika. Pembe haikosei, kasema, kwa sababu haitembei.

Alhamisi, 21 Machi

Rasharasha. Maji hayakutoka mtoni.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua asubuhi. Anastasia alishika kichwa cha tepu, mie nikasoma. Vipimo kumi na vinne. Maji yako mita kumi na tisa kutoka nyumba iliyo karibu zaidi na mto. Nyumba zote thelathini na nane kavu.

Jumatatu, 25 Machi

Vipimo ishirini. Kavu zote. Watu wameanza kutoka nje wakituona na tepu. Mzee mmoja wa karibu na daraja alituonyesha alama aliyoweka ukutani mwaka wa El Niño, maji yakiwa kiunoni. Niliiandika. Sikupenda ilivyokuwa juu, lakini niliiandika.

Alhamisi, 28 Machi

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Augustine, ameniita ofisini. Alianza kwa kunipongeza. Akasema akina mama kama mie ndio wanaohitajika. Baada ya hapo akaniuliza kwa nini jana nilionekana ng'ambo ya mto.

Ng'ambo hakuna nyumba bado. Kuna uwanda mzuri wenye nyasi, umekatwa viwanja kumi na kimoja, na kila kiwanja kimewekwa vigingi. Wekundu wa ramani ya kampuni unaishia mtoni, haukuvuka. Kila mtu Lukwale anajua anayeviuza viwanja vile ni nani, na mie nilikuwa nimekaa mbele yake.

“Ng'ambo hakuna mtu, Bi Mwanakombo. Unapima nini?”

“Napima maji, mwenyekiti.”

“Pima ya upande wako. Yanakutosha.”

Nilimwambia maji yakitoka mtoni hayachagui upande, na mstari wa upande mmoja si ramani. Akaanza kupanga karatasi zake. Nikaaga. Nilikwenda moja kwa moja darajani, nikavuka.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Najma kaja na wajukuu kutoka Kibamba. Mvua kutwa. Nilitoka kupima katikati ya pilau.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimechekwa na mtaa mzima.

Ulikuwa mkutano wa hadhara, kampuni imekuja kusikiliza maoni. Nilisimama nikasema nina vipimo vya maji vya mwezi mzima, na vinaonyesha wekundu umechorwa mbali mno. Nilikuwa na ramani yangu kwenye flashi. Bwana Augustine akasema, vizuri, basi tuvione vipimo vya mama juu ya ramani halali ya kampuni, ili wananchi walinganishe. Nikampa flashi Bwana Kamugisha. Akaiweka kwenye laptopu yake, akazichukua namba zangu, akazimwaga juu ya ramani yao, na ikaonekana ukutani.

Mstari wangu wa maji ulikuwa umekaa juu ya uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Mita mia tatu kutoka mtoni, juu ya kilima.

Mtu wa nyuma akasema kumbe watoto wanacheza mpira na samaki, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Nilisimama pale nikiangalia mstari wangu. Ulikuwa na umbo lile lile la mto, kila kona niliyoijua, ila mahali sipo. Nikasema kuna kosa, nitalitafuta. Mwenyekiti akasema asante mama, keti. Bwana Kamugisha aliinamisha kichwa kwenye laptopu, hakucheka wala hakusema neno.

Suhaib alikuwepo. Tulirudi nyumbani. Mlangoni akaniambia niache, kwa sababu aibu hii ni ya nyumba nzima. Nilimwambia aibu itakuwa nikiacha.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikwenda kwa Sekela kabla hajafungua ukumbi. Nikamweleza, nikijitayarisha kusikia kwamba mwezi mzima umepotea. Aliuliza swali moja tu, faili la kampuni lilitengenezwa kwa mfumo gani wa kuhesabia. Sikujua kama kuna mifumo.

Kumbe ipo. Kuna vipimo vya zamani, tangu enzi za mkoloni, ambavyo wapimaji wengi wa nchi hii bado wanavitumia kwa sababu mawe ya mipaka ya zamani yaliwekwa kwa hivyo. Na kuna vya setilaiti, ambavyo ndivyo vya simu na vya picha ya droni. Mahali ni pale pale lakini namba zake ni tofauti, na hapa kwetu tofauti inafika mita mia tatu. Namba zangu zilikuwa sahihi, zilisomwa kwa kipimo kisicho chake. Sekela alibadilisha mstari mmoja kwenye orodha, na mbele ya macho yangu ule mto wangu ukanyanyuka kutoka uwanja wa mpira, ukashuka kilima, ukalala kitandani mwake.

Nililia kidogo. Baada ya hapo nikamwambia afute, anionyeshe upya, nifanye kwa mkono wangu. Nimefanya mara kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Naandika nimekaa ngazi za msikiti, nguo zimeloa, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki ndiyo limepona.

Mvua ilianza baada ya swala ya alfajiri na haikuwa mvua ya kuangalia dirishani. Saa mbili asubuhi mto ulikuwa umefika kwenye minazi. Saa mbili na nusu umeipita bustani yangu, na mchicha ukawa unaondoka matuta kwa matuta. Niliusikia kabla sijauona: mlio kama lori linalopanda mlima na halifiki.

Suhaib alikuwa nyumbani kwa sababu ya sikukuu. Alianza kupandisha vitu mezani, magodoro, cherehani, gunia la mchele. Maji yalipoingia chini ya mlango wa mbele aliniita nishike upande wa kabati. Nikashika. Tukaliweka juu ya matofali. Kisha nikachukua kopo la rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka milango, na brashi.

“Unakwenda wapi?”

“Maji yakifika mwisho hayakai hata saa moja. Nisipoyawekea alama sasa, nitaweka lini?”

“Nyumba yako inaingia maji, Mwanakombo.”

“Naona,” nikasema, na nikatoka.

Sijui kama nilifanya sawa. Nilimwacha mume wangu na ndoo peke yake. Nilipita nyumba kwa nyumba kutoka ile ya mwisho mpaka darajani, maji magotini, mahali pengine mapajani, na kila ukuta nikapiga mstari wa bluu pale maji yalipogusa. Pale yasipofika nikapiga alama ya msalaba chini kabisa, kwenye msingi. Watu walikuwa juu ya vitanda na baraza wananitazama. Mwanamume mmoja aliniambia nina wazimu, halafu akaja kunishikia kopo. Watu walewale walionicheka Jumamosi walikuwa wananiita kwa dirisha, bi mkubwa, njoo uweke na kwangu.

Daraja lilikuwa bado linapitika. Nilivuka. Ng'ambo, ule uwanda mzuri wenye nyasi haukuwepo. Palikuwa na ziwa, na vigingi vya viwanja kumi na kimoja vinaonekana vichwa tu, vingine havionekani kabisa. Nilipaka bluu vigogo vya minazi vilivyo pembezoni na kupiga picha kwa simu, maji yakinifika kiunoni. Hapo niliogopa sana. Nilisoma dua zote ninazozijua na nikarudi.

Saa tano maji yakaanza kushuka.

Kwetu yalifika chini kidogo ya dirisha. Suhaib alikuwa anafuta tope kwenye mninga wake kwa kanga yangu. Niliweka mstari wa bluu juu ya ukuta wetu, kando ya bega lake. Hakuniangalia.

Jumapili, 28 Aprili

Siku mbili za kupima alama kwa tepu. Alama zote zimo. Ng'ambo na huku.

Jumanne, 30 Aprili

Nimechora. Nilikuwa nimejiambia kwamba wekundu ukiondoka, zitanusurika nyumba zote thelathini na nane, na moyoni nilishaona mkutano wa Mei, watu wakishangilia. Nyumba ishirini na tisa kavu. Tisa zina maji.

Ya Anastasia imo katika tisa. Ya kwetu imo.

Nimekaa nayo mchana kutwa. Ukuta wetu uko mita mbili na nusu ndani ya mstari. Mita mbili na nusu ni kitu kidogo kwenye kioo. Unaishika pointi moja, unaisogeza kwa kidole, imeisha. Hakuna ambaye angejua. Kampuni hawakuwepo siku ile. Niliishika ile pointi na mausi, nikaisogeza, nikaona nyumba yetu inatoka majini, safi, ya thelathini na moja kutoka darajani, yenye leseni. Nikaitazama.

Kisha nikairudisha. Nikisogeza yangu, zile ishirini na tisa hazina maana. Mtu mmoja tu akiuliza kuhusu ukuta wangu, wote wanarudi kwenye wekundu. Na mie sitakuwa tofauti na yule anayeiuza ng'ambo kama kavu.

Jumatano, 1 Mei

Anastasia kaja na sahani ya vitumbua. Tulikaa jikoni, kwenye ile harufu ya tope isiyotoka. Alikuwa ameshasikia. Aliniambia taratibu kwamba alishika tepu ile kwa mikono yake mwezi mzima, kwamba yeye hana mume Keko wala binti Kibamba, kwamba akitolewa pale hana pa kwenda ila Masasi, ambako hata kaka zake wamekwisha. Nilisema maji yalifika kifuani kwenye chumba anacholala.

“Mara moja kwa miaka mingapi, mama Najma?”

“Sijui. Lakini yalifika.”

“Basi zitoe mbili. Yako na yangu. Nani ataziona?”

Nikamwambia siwezi. Aliinuka akaondoka, vitumbua akaviacha.

Ijumaa, 3 Mei

Anastasia kapita, hakunisalimu.

Jumamosi, 4 Mei

Suhaib hakuja. Ametuma ujumbe kwamba kuna oda ya vitanda.

Jumatano, 8 Mei

Rasharasha. Anastasia hakunisalimu. Nimeanza matuta upya.

Jumamosi, 11 Mei

Suhaib hakuja.

Jumanne, 14 Mei

Mtu amekwangua alama zangu kwenye minazi ya ng'ambo. Magome yote yamebanduliwa, minazi mitano. Wanadhani ramani iko kwenye gome. Nilicheka peke yangu pale uwandani, kwa sauti.

Alhamisi, 16 Mei

Nilikuwa bustanini nikaona mtu na mabuti mapya anateremka, kabeba mguu wa chuma wa kupimia na mfuko mgongoni. Ni Bwana Kamugisha, peke yake. Aliniamkia. Akauliza kama anaweza kuziona alama za bluu.

Nilitaka kumwambia aende akaulize setilaiti. Lakini mtu aliyeshuka mwenyewe mpaka kwenye tope huwezi kumfukuza. Nikampeleka ukuta kwa ukuta. Alisimamisha kile chombo chake, ambacho kinapima mpaka upana wa kidole, akarudia vipimo vyangu ishirini. Jua lilipokuwa juu kabisa tukakaa kwenye baraza yangu na akaniomba maji ya kunywa. Hapo akaniambia. Tofauti yake na yangu kubwa kuliko zote ni sentimita arobaini.

Akaniambia na lingine, ambalo sikulitegemea. Mwaka jana aliwaandikia mabosi wake kuomba wiki mbili za uwandani wakati wa masika, wakamjibu ratiba hairuhusu. Akachora kwa alichonacho.

“Na siku ile ya mkutano,” akasema, “nilijua kosa liko wapi. Niliona mara moja kwamba ni mfumo. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wanacheka, na ilikuwa rahisi. Naomba radhi, mama.”

Nilikuwa nimemchukia miezi mitano, na ni vigumu kuiacha chuki ya miezi mitano kwa glasi ya maji. Nikamuuliza kama atayasema hayo tarehe thelathini. Akasema ya kimya chake ataona. Ya sentimita arobaini atasema.

Jumamosi, 25 Mei

Suhaib kaja. Aliuangalia ule mstari wa bluu kando ya dirisha, akapitisha kidole.

Alhamisi, 30 Mei

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Alikuwepo ofisa ardhi kutoka manispaa, mama mtu mzima mwenye miwani. Sekela alinichapia ramani kubwa, mita moja kwa mita moja na nusu. Safari hii niliibandika mwenyewe, kwenye ukuta, kando ya ile ya kampuni.

Nilieleza kwa dakika kumi. Siku za mvua, tepu, pembe, rangi. Nilisema na kosa langu la Aprili, na lilitokana na nini, na namna lilivyorekebishwa, kabla mtu hajalitaja. Nikaonyesha bluu upande huu, halafu bluu ya ng'ambo, viwanja vyote kumi na kimoja, na picha za vigingi ndani ya maji.

Bwana Augustine akasimama. Alikuwa mtulivu. Akamwambia ofisa kwamba mama huyu ana hasira na mtaa kwa sababu nyumba yake iko eneo hatarishi, na kwamba mtu hawezi kuaminiwa kuchora mpaka wa nyumba yake mwenyewe.

Nilikuwa nimelisubiri hilo mwezi mzima.

“Nyumba yangu ni hii,” nikasema, na nikaweka kidole. “Ya thelathini na moja. Iko ndani ya maji. Nimeichora mwenyewe, kwa mkono huu. Mwenyekiti atuonyeshe alichokichora yeye ng'ambo.”

Hakuna aliyecheka. Ofisa alivua miwani, akaja kusimama karibu na ramani. Akauliza kama kuna mtu mwingine aliyepima. Bwana Kamugisha akasimama akasema yeye, alama ishirini, na akazitaja tofauti zake moja baada ya nyingine. Halafu akasema kwamba mstari mwekundu wa kampuni haukuwahi kupimwa uwandani, na mkutano wa Aprili yeye alijua vipimo vya mama ni sahihi akanyamaza. Bosi wake alikuwa mstari wa mbele. Sitaisahau shingo ya yule bosi ilivyogeuka.

Kisha sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango. Nilidhani naota. Suhaib wangu, ambaye tangu tuoane sijawahi kumwona akiongea mkutanoni, na kanzu yake ya Ijumaa siku ya Alhamisi.

“Maji yalifika chini ya dirisha la mninga,” akasema. “Niliyafuta mwenyewe. Mke wangu hajaongeza wala hajapunguza.”

Akakaa.

Nilidhani nimemaliza, lakini sikuwa nimemaliza. Nilisema nyumba tisa haziwezi kutajwa kwa maji halafu wenyewe waambiwe kwaheri. Kule juu, nyuma ya shule, ramani ya kampuni ina eneo la mtaa lililo wazi, limekaa bila kazi. Nikasema tisa tukahamie huko, kwa leseni, kabla hajagawiwa mtu mwingine yeyote kiwanja hata kimoja, na iandikwe leo kwenye muhtasari mbele yetu, la sivyo ramani yangu naibandua narudi nayo nyumbani. Ofisa akasema ramani ikishapokelewa haibanduliwi. Nikamwambia basi apokee na hilo.

Iliandikwa. Nililisoma kwa macho yangu, mistari minne, na muhuri. Nyumba ishirini na tisa zimetoka kwenye wekundu. Viwanja vya ng'ambo vimesimamishwa. Tisa tunapanda juu. Mwenyekiti alitia saini, kalamu ikikwama.

Anastasia alikuwepo. Aliondoka kabla ya dua ya kufunga.

Jumapili, 9 Juni

Kamugisha na mie tumepima viwanja tisa, mie nikishika chombo, yeye akiandika. Kampuni haijamfukuza. Haijamsemesha pia.

Jumamosi, 15 Juni

Suhaib ameanza kung'oa madirisha. Anayatoa taratibu, misumari anaiweka kwenye kopo. Nilisikia kila msumari ukitoka na nilikwenda kukaa bustanini, kwa sababu ile nyumba ni miaka kumi na moja na mie pia nilibeba maji ya zege lake. Ramani hailipi hilo. Alinikuta huko akakaa na mie kwenye tuta mpaka adhana ya alasiri.

Jumanne, 18 Juni

Tulipanda juu na mzigo wa kwanza. Tulikuwa tunashusha mbao nikamwona Anastasia anakuja na njia ya shuleni, jembe begani, ndoo kichwani. Alipita kiwanja changu hakusimama, akaenda cha kwake, cha jirani. Akazunguka pembe zote nne akigusa kila jiwe la mpaka kwa mguu. Kisha akasimama katikati, akatazama chini bondeni, mto unavyong'aa.

Hakunigeukia.

“Hapa hayafiki?”

“Hayafiki.”

“Umepima?”

“Nimepima.”

Akatua ndoo. Akafunga kanga kiunoni vizuri, akashika jembe, na akaanza kuchimba msingi.